Mursik Ndani ya Rejeta

Nimesimama mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nikiwafundisha kwamba mtu mwenye mpangilio hafedheheki, na ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuyasimulia haya kwa kinywa changu mwenyewe, kwa sababu yaliyonipata kule Kedowa, mbele ya lango la kijani la watu ambao tulikuwa tunawaomba wawe wakwe zetu, hayakutokana na ukosefu wa mpangilio hata kidogo. Nilikuwa na mpangilio. Nilikuwa nao mwingi kuliko mtu mwingine yeyote kati ya Kapsoit na Kedowa, na huo ndio ulioniponza. Najua jirani yangu Mama Moraa amekwisha kuwasimulia akina mama wa kwaya kwa namna yake, tena kwa chumvi nyingi (eti nililia, sikulia, ule ulikuwa mvuke), basi afadhali mnisikie mimi, kisha mcheke mara moja tu, tumalizane.

Kipng'eno ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu akiwa mdogo, nikamsomesha, nikamrekebisha (hasa nikamrekebisha), na siku alipoingia jikoni kwangu ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha maabara, akaniambia kwamba amempenda Wanjiru, binti wa Mzee Njoroge, muuza mbao wa Kedowa, na kwamba Wanjiru naye amekubali, nilifurahi kiasi cha kusahau kumwambia asiegemee friji. Kwetu sisi senge, yaani shangazi wa upande wa baba, hakai nyuma siku ya posa, na kwa kuwa baba wa kijana hayupo, ilieleweka na wote kwamba msemaji ni mimi, mpangaji ni mimi na dereva ni mimi.

Gari langu ni dogo, jeupe, la umri wa kuheshimika, na kwa miaka mingi halikuwa limenitia aibu. Muhula uliotangulia, wasichana wetu waliposhinda mbio za kupokezana vijiti, ndilo lililowabeba kutoka uwanjani hadi shuleni, limefunikwa sinendet kuanzia boneti hadi buti (ule mmea wa kutambaa tunaowavisha washindi, niliufunga mimi mwenyewe kwa kamba ya katani, mafundo yamekazwa barabara, maana sipendi kitu kinacholegea mbele za watu), nalo likapita sokoni polepole kama malkia huku akina mama wakipiga vigelegele. Kwa hiyo hamwezi kunilaumu kwa kuliamini siku tulipokwenda Kedowa mara ya kwanza.

Likachemka. Ilikuwa siku ya soko pale Chepseon, malori ya kabichi yameziba njia, tukawa tunajikokota nyuma yao, na katika kujikokota huko mshale wa joto ukapanda hadi alama nyekundu, mvuke ukatoka, tukasimama kando kungoja injini ipoe, tukaongeza maji, tukasonga kidogo, likachemka tena, tukasimama tena, na tulipofika kwa Mzee Njoroge wazee wake walikuwa wamekwisha kula na kurudi makwao.

"Madam, tuliwangoja mpaka chakula ikapoa," aliniambia bila kupandisha sauti, na ingalikuwa heri angaliipandisha. "Nitawapatia siku ingine moja. Lakini mkichelewa tena nitajua huyu mtoto wangu mnamtaka nusu nusu, na hiyo maneno itaishia hapo."

Baada ya siku chache Kipng'eno alinijia tena jikoni, akatazama kila kitu isipokuwa mimi, akasema kwamba kwa mujibu wa Wanjiru, kuchelewa kulikuwa tatizo dogo.

"Na tatizo kubwa ni lipi?"

"Ni wewe, Senge."

"Mimi?"

"Baba yake anasema ulimsahihisha. Kwake. Siku ya kwanza mnaonana."

"Nilimwambia tu kwamba mbao zake zimepangwa juani na zitapinda."

"Senge, huyo mzee ameuza mbao tangu sijazaliwa."

"Na zilikuwa juani," nikasema, kwa kuwa ukweli haubadiliki kwa sababu ya umri wa biashara.

Kipng'eno akasema kwa ule upole wa kijana aliyejifunza maneno yake njiani: "Basi Senge, tukodishe gari. Ama hii tuipeleke gereji pale barabarani. Tafadhali. Sitapewa siku ya tatu."

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, ndugu zangu, na mtu yeyote mwenye akili angalikubali, akanywa chai yake, akalala. Mimi nilisimama nikatoa hotuba. Nilimweleza kwamba taifa letu limeharibiwa na watu wanaokodisha kila kitu, hata heshima. Kwamba fundi wa mwisho kuligusa gari langu alinirudishia likiwa na bisibisi ndani na bila kifuniko cha betri. Kwamba kitabu cha maelezo ya gari kimo katika kabati langu, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama vitabu vyote vya nyumba hii, na kwamba mtu aliyesoma hashindwi na mashine iliyoandikiwa maelezo. "Gari lililoniaibisha," nikamalizia, "ndilo litakalonisafisha." (Niliipenda sana sentensi hii. Niliiandika mahali.)

Basi Jumamosi nikafunga leso juu ya sketi, nikaegesha gari nyuma ya nyumba, na kabla ya kufungua chochote nikasoma. Kitabu kilisema kwamba injini ikichemka, zipo sababu kadhaa, na kati ya hizo ile iliyonivutia ilikuwa thamostati, yaani ile vali ndogo inayokaa kwenye njia ya maji na kuamua lini maji yapite kwenda kupozwa katika rejeta na lini yangoje. Nilivutiwa nayo kwa sababu nilielewa tabia yake mara moja. Ni kama bawabu wa shule: akilala kazini, lango halifunguliwi, na walio ndani wanateseka. Orodha ile ilikuwa na mambo mengine, feni likiwamo, lakini nilikuwa nimekwisha kumpata mkosaji wangu, na mkosaji akishapatikana mimi huwa siendelei kuhoji darasa zima.

Nilingoja injini ipoe kabisa. Nataka mlikumbuke hili, kwa kuwa Kipng'eno alikuwapo, na nilimwonya nikiwa nimeinua kidole: "Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Kamwe. Anayekifungua ni mjinga, na maji yakimwagikia uso asimlaumu shetani." Akaitikia. Kisha nikamwaga maji ya rejeta kwenye karai, yakatoka mekundu kwa kutu kama udongo wa shamba, nikaisuuza rejeta kwa bomba la bustani, nikafungua boliti za mahali pa thamostati, nikaitoa, nikaipaka silikoni mpya sehemu ya kuungania, nikaifunga tena bila thamostati, na nikajaza maji safi ya mferejini. Mama Moraa (mume wake anafanya kazi katika shamba la chai, wanaishi ng'ambo ya ua wangu wa michongoma) aliegemea ua akinitazama kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Madam, kwani umekuwa makanika?"

"Nimekuwa mtu anayejitegemea, Mama Moraa."

"Ei! Basi washa tuone. Acha ingurume hapo hapo hata nusu saa, halafu ufungulie ile redio yako tusikie taarabu kidogo."

Nilimwambia kile ninachowaambia wote: injini isiyokwenda mahali haina sababu ya kunguruma. Ni mafuta yanayochomwa bure, ni moshi kwa majirani, ni uvivu wenye sauti. Mimi nikisimama, nazima. Hata nikimngoja mtu atoke dukani na unga, nazima. Badala yake nikaliendesha gari kutoka Kapsoit hadi mjini Kericho na kurudi, barabara nzuri, chai pande zote mbili imekatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, mwendo wa kasi ya kistaarabu, na mshale wa joto ukakaa chini umetulia kama mtoto aliyelala. Nikarudi, nikazima mara moja, nikanawa mikono, nikamwandikia Kipng'eno ujumbe: "Limepona." Sasa najua kwamba gari linapokwenda kasi, upepo wa barabarani huipoza rejeta wenyewe, hata kama kila kitu kingine ndani kimekufa. Wakati ule nilichojua ni kwamba nilikuwa sahihi, na hiyo ni hali niliyoizoea.

Kuna uamuzi mmoja zaidi nilioufanya, nao niutaje, maana nao umo katika kesi. Mama yangu, ambaye wote tunamwita Kogo, yaani bibi, alikuwa ameandaa mursik ya kupelekea wakwe. Maziwa yake yalikaa kwa siku nyingi katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti kama inavyotakiwa, yakaiva, yakapata ile rangi ya majivu na ile harufu ambayo kwa mtu wa kwetu ni harufu ya heshima yenyewe, kwa kuwa ndiyo anayonyweshwa mgeni mkubwa na ndiyo anayonyweshwa shujaa akirudi na ushindi. Nami nikaangalia kile kibuyu kirefu, nikafikiria matuta ya barabara, nikaamua kwamba mursik itamiminwa kwenye mtungi wa plastiki kwa ajili ya safari, kisha irudishwe kibuyuni tukifika.

"Mursik kwa mtungi wa mafuta ya kupikia?" Kogo aliuliza.

"Nimeuosha kwa maji ya moto, Mama."

"Sijauliza kama umeosha."

Mtungi wa pili wa aina ile ile, wa njano, wa ukubwa ule ule, niliujaza maji ya gari, kwa tahadhari. Nikaiweka yote miwili butini, wa maji kushoto, wa mursik kulia, kando ya blanketi zito la bluu tulilomnunulia mama mzazi wa Mzee Njoroge, nikatangaza mpangilio huo kwa sauti kwa kila abiria, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisikiliza.

Siku yenyewe tuliondoka mapema. Kogo mbele pamoja nami, kibuyu kitupu kimesimama katikati ya magoti yake kama mtoto wa shule. Nyuma Kipng'eno katika suti yake ya kijivu, mama yake, ambaye ni mtu wa kunyamaza, na Mama Moraa, aliyekuja kwa sababu ana sauti ya kuimba na kwa sababu haiwezekani kumzuia. Wazee wetu watatu wakafuata kwa gari lingine. Haikuwa siku ya soko. Tukapita Chepseon bila kuguswa, ukungu umelala juu ya mashamba, gari linakwenda, mshale umelala, na tulipokaribia Kedowa mapema kuliko saa tuliyopewa, nilimtazama Kipng'eno kwenye kioo nikaona kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi mabega yake yameshuka. Nilifurahi. Nakiri hata nilifikiria jinsi nitakavyolitumia tukio hili kwenye gwaride la Jumatatu.

Sasa, desturi ya watu wa Wanjiru ni kwamba wageni wa posa hawaingii tu kama watu wanaoingia benki. Wanasimama nje ya lango lililofungwa, wanaimba, na akina mama walio ndani wanawajibu kwa nyimbo na maswali: nyinyi ni akina nani, mmetoka wapi, mnatafuta nini, mna tabia gani, na lango halifunguliwi hadi walio ndani waridhike. Nilikuwa nimejiandaa. Niliegesha gari mbele kabisa, pua yake karibu iguse lango, ili tuingie wa kwanza, nikanyoosha mkono kuzima injini kama nilivyozima maisha yangu yote.

"Usizime!" akasema Kogo.

"Mama, ni mafuta bure."

"Ukizima watafikiri tumekuja kulala hapa nje. Wacha wasikie tuko tayari kuingia."

Yupo mtu mmoja tu duniani ambaye simsahihishi, naye alikuwa amekaa pale na kibuyu mapajani. Nikaliacha gari likinguruma, nikashuka, nikasimama mbele ya lango.

Mama Moraa akaanzisha wimbo, wa ndani wakaitikia, tukaimba, wakaimba, na sauti ya mwanamke mmoja ikauliza kutoka upande wa pili, "Nyinyi mnaopiga kelele hapo nje, kwani ni watu wa aina gani?" Wangalitosheka na jibu fupi. Wageni wengine husema "watu wazuri," watu wakacheka, lango likafunguliwa. Lakini mimi nilikuwa na risala. Niliitoa kwenye mkoba, nikakunjua karatasi zake, na nikaanza kuwaeleza, kupitia mabati ya lango, historia ya ukoo wetu, elimu yetu, msimamo wetu kuhusu pombe, umuhimu wa kuamka mapema, na jinsi ambavyo mtoto wetu amelelewa katika nyumba isiyojua fujo. Nyuma yangu injini ilikuwa inanguruma. Niliisikia, lakini niliisikia kama mtu anavyosikia mvua wakati wa mahubiri.

Ndani kukawa kimya. Nilidhani ni kwa heshima. Nikafungua karatasi ya mwisho.

"Sisi," nikasema kwa sauti, "ni watu watulivu, wasiopandwa na joto upesi..."

Ilianza kama mluzi. Kisha ikawa kama sufuria ya mfuniko mzito. Kisha boneti yote ikatoa wingu jeupe lililopanda juu ya lango, likaingia kwa wenyewe kabla yetu, na mwanamke yule wa ndani akapaza sauti: "Madam! Kwani mmekuja na jiko?"

Sitaki mfikiri nilichanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hana utaratibu, na mimi kila kosa nililofanya kuanzia hapo nililifanya kwa utaratibu kamili. Kwanza nilikimbia nikazima injini. Pili nikafungua boneti. Tatu, mvuke ukanipiga usoni na miwani yangu ikageuka maziwa matupu, sioni hata mkono wangu, na bila miwani ni vivyo hivyo, basi nikabaki nayo. Nne, nikasikia komeo la lango linavutwa na sauti ya Mzee Njoroge mwenyewe ikisema kwa karibu sana, "Kuna nini hapa?", na wazo pekee lililokuwa kichwani mwangu ni kwamba tumepewa siku moja tu, na kwamba gari hili litaingia ndani ya lango hili sasa hivi, likiwa hai. Tano, nikapapasa buti, nikapata kitu kizito cha kukinga mkono, nikakikunja, nikakiweka juu ya kifuniko cha rejeta, na nikasikia Kipng'eno akiniita kwa sauti ya mtu anayezama:

"Senge, ulisema kamwe! Ulisema mjinga!"

Nikakizungusha.

Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeungua. Blanketi lilizuia ile ghadhabu ya kwanza (ndiyo, lilikuwa lile la bluu, la mama wa Mzee Njoroge), mvuke ukapanda, na maji yaliyobaki, yale mekundu yaliyokuwa yamejificha ndani ya injini nilipodhani nimesuuza kila kitu, yakaruka juu, yakapoa hewani katika baridi ile, kisha yakashuka kama mvua ya matope. Nilisikia yakishuka juu ya kitu kilichosema "Ai!" kwa sauti ya mwanamume mzima. Sikuona. Ningekuwa nimeona, labda ningesimama hapo. Badala yake nikanyoosha mkono nyuma na kuamuru kama ninavyoamuru mstarini:

"Mtungi! Leteni mtungi upesi!"

Mama Moraa alileta mtungi upesi. Kwa haki yake niseme kwamba sikutaja mtungi upi. Kogo alikuwa anapiga kelele kutoka kiti cha mbele kwa lugha yetu, lakini akina mama wa ndani nao walikuwa wanapiga kelele, nami nikadhani ananihimiza. Nikapapasa mdomo wa rejeta kwa kidole, nikainamisha mtungi, nikamimina, tena kwa uangalifu, ili maji yasimwagike hata kidogo.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Anayejua harufu ya mursik ikimwagikia chuma cha moto sina haja ya kumweleza. Asiyejua, afikirie jikoni mwa bibi yake siku nyumba ilipotaka kuungua. Kukatoka mlio mzito, wa kutokota, povu la rangi ya majivu likapanda kutoka rejeta, likajaa, likateremka mbele ya gari langu jeupe polepole, kwa mabonge, hadi kwenye namba ya gari. Na nyimbo zote, za ndani na za nje, zikakoma.

Nilivua miwani nikaifuta kwa pembe ya leso. Hivi ndivyo nilivyoona. Lango liko wazi. Mzee Njoroge amesimama mbele yangu katika koti lake la rangi ya krimu, kofia mkononi, koti lina madoadoa mekundu kutoka bega hadi mfuko, na tone moja linaning'inia puani. Nyuma yake akina mama wote wa Kedowa. Nyuma yao Wanjiru, mikono yote miwili mdomoni. Kando yangu Kipng'eno, na sura yake sitaisahau: hakuwa na hasira, alikuwa tu ameondoka, kama mtu anayetazama basi lake likipotelea kwenye kona. Na karatasi za risala yangu zimelowa chini ya gurudumu.

Walikuwa wananingoja niseme. Watu hunisubiri niseme, wamezoea. Nilifungua mdomo, nikatafuta sentensi, sentensi yoyote yenye kiima na kiarifu, na kilichotoka kilikuwa neno moja.

"Nimekosea."

Mzee Njoroge alijipangusa uso kwa kitambaa, bila haraka. Akalisogelea gari, akainama, akanusa.

"Hii si ni ile maziwa yenu?"

"Ni mursik," nikasema.

"Ile mnapatianga watu wameshinda mbio?"

"Ndiyo hiyo."

Alilitazama gari, povu linaendelea kudondoka. "Sasa Madam," akasema, "hii gari imeshinda mbio gani?"

Mwanamke yule wa ndani ndiye aliyeanza. Kisha bibi mwenyewe, mama wa Mzee Njoroge, yule mwenye blanketi, akacheka hadi akashikwa na kikohozi na kukalishwa kwenye jiwe. Kisha wazee wetu, wasaliti wale. Kisha Mama Moraa, ambaye hakuhitaji kuombwa. Na mwisho nikamsikia hata Kogo, kibuyu kitupu kikitikisika mapajani mwake. Vijana wakalisukuma gari ndani. Kwa hiyo tuliingia wa kwanza, kama nilivyopanga.

Mazungumzo ya posa yalifanyika bila mimi. Nilikuwa nanuka, nami sikujiamini. Kogo ndiye aliyesimama badala yangu, nami nilimsikia kupitia dirishani. Alisema: "Tumekuja kuomba mtoto wenu. Mara ya kwanza tulichelewa. Leo tumefika. Hayo mengine mmejionea." Akaketi. Hotuba nzima ilikuwa hiyo.

Mimi nilikuwa uani na gari. Injini ilipopoa nikainama, miwani safi, na kwa kuwa sasa sikuwa na la kupoteza nikatazama kila mahali, hata nisipotaka kutazama. Nyuma ya rejeta kuna feni, lile ambalo kazi yake ni kuipoza rejeta wakati gari limesimama ama likijikokota. Halikuwa linazunguka. Halingeweza. Lilikuwa limefungwa, tena barabara, kwa mmea mkavu wa kutambaa na kamba ya katani, mafundo yangu mwenyewe, yamekazwa vizuri. Siku ile ya ushindi nilikata sinendet kwa mkasi sehemu zote zilizoonekana. Zile zilizokuwa zimebanwa chini ya boneti zikadondoka ndani, zikalizinga feni, fyuzi ikakatika, na mimi nikaenda kumfukuza kazi thamostati asiye na hatia.

Nilikuwa bado nimeshika kipande cha sinendet Mzee Njoroge alipokuja kusimama kando yangu. Alikuwa amevaa koti jingine.

"Tumekubaliana," akasema. "Kipng'eno ni wetu, na Wanjiru ni wenu."

Nikakiweka kile kipande cha sinendet juu ya rejeta.

"Nitakwambia kitu, Madam. Wiki yote sijalala vizuri. Mama Wanjiru anaweza kukuambia. Nilikuwa naogopa kupeleka mtoto wangu kwa nyumba watu hawakosei. Hapo angeishi namna gani? Angevunja kikombe aende wapi?" Akaitazama rejeta, ambako bonge la mwisho lilikuwa linakauka. "Sasa roho imetulia. Lakini siku ya harusi wewe usiendeshe. Nitatuma gari ikuchukue."

Nimekubali. Nasema mbele yenu, na Mama Moraa ni shahidi, kwamba siku ya harusi nitakaa kiti cha nyuma na mikono mapajani, na kwamba tangu sasa nikitafuta kosa nitaanzia pale nilipogusa mwisho kwa fahari yangu mwenyewe, kabla ya kumshuku mwingine yeyote, awe mtu au vali. Gari limesafishwa mara nyingi, limetiwa fyuzi mpya na thamostati yake imerudishwa kazini kwa heshima, lakini siku za jua kali bado linanuka kama sherehe. Miaka yote nimejijengea heshima kwa usahihi, na kumbe mahari iliyotakiwa ilikuwa upuuzi wangu mbele za watu. Naudhika kila nikilifikiria, na nalifikiria kila siku.

Mzee alinisindikiza hadi langoni, gari la wazee wetu likitungoja. Tulipita kando ya mbao zake. Zilikuwa mpya, nzuri, zimepangwa juani kama zile za kwanza, mchana kutwa, bila hata turubai. Alipunguza mwendo akanitazama kwa pembe ya jicho, akingoja.

Sikusema neno.

(Zitapinda.)